Hukumu, Hekima na Hatamu

Swali: Je, maneno hakimu, mahakama na hekima yana asili moja, ilhali maana zake zinatofautiana?

Jibu: Yote yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, ḥ-k-m, na mzizi hapa ni kiini cha konsonanti, aghalabu tatu, kinachobeba maana ya msingi huku irabu na viambishi vikizalisha maneno mbalimbali. Ibn Faris, mtunzi wa kamusi ya Maqayis al-Lugha aliyefariki mwaka 1004, alieleza kuwa maana ya msingi ya mzizi huu ni kuzuia, na ufafanuzi huo unaangaza mengi: hukumu huzuia dhuluma, hekima humzuia mtu asitende kijinga, na ḥakama, sehemu ya hatamu inayoshika taya za farasi, humzuia mnyama asikimbie ovyo. Mahakama, kwa kiambishi ma- cha mahali, ni pale hukumu inapotolewa.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni neno hakimu, kwa kuwa Kiarabu hutofautisha ḥākim, yaani mtawala au mwamuzi, na ḥakīm, yaani mwenye hekima (na hata tabibu), kwa urefu wa irabu tu, tofauti ambayo Kiswahili hakikuihifadhi. Kurani nayo, katika aya ya 7 ya sura ya 3, huziita aya zilizo wazi muhkamat, neno la mzizi huohuo, yaani zilizoimarishwa. Kwa kuwa maneno haya yote yamejengwa juu ya ḥ-k-m, atafutaye neno mahakama katika kamusi ya Kiarabu iliyopangwa kwa mizizi hulikuta chini ya herufi ha, si mim.