Kuanguka Bila Kufika Chini: Mchezo wa Safari za Anga na Msamiati wa Obiti

Utangulizi

Mwulize mwanafunzi wa shule ya upili kwa nini setilaiti haianguki. Si ajabu akakujibu kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia, na kwa hivyo chombo "kinaelea". Jibu hili lina makosa mawili. Kwanza, mvutano upo. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka kwa kimo cha takriban kilomita 400, na katika kimo hicho nguvu ya mvutano ni karibu asilimia 89 ya ile tunayoihisi tukiwa ardhini. Pili, setilaiti huanguka, tena huanguka kila sekunde. Ajabu yake ni kwamba haifiki chini.

Makala haya yananuia kueleza kanuni za obiti kwa Kiswahili, kwa kutumia michezo miwili ya tarakilishi inayoiga safari za anga. Mmoja ni Orbiter, uliotungwa na Martin Schweiger wa Chuo Kikuu cha London na kutolewa bila malipo tangu mwaka wa 2000. Wa pili ni Kerbal Space Program, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2011 na kampuni ya Squad ya jijini Mexico. Mifano yetu mingine itatoka Pwani ya Kenya, hasa Kwale, kwa kuwa elimu hii iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Aidha, tutadai kwamba sehemu ya tatizo la mwanafunzi wetu ni neno alilopewa, wala si uhaba wa akili.

Jiwe kutoka Shimba

Tuanze na jambo ambalo kila mvuvi wa Msambweni analijua. Jahazi linapotokomea baharini, hutoweka kwanza mwili wake, kisha tanga. Sababu ni kwamba bahari imepinda. Mtu aliyesimama ufuoni Diani, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, huuona upeo ulio umbali wa takriban kilomita 5 tu. Hesabu zinaonyesha kwamba katika kila kilomita 8 uso wa dunia huinama kwa takriban mita 5 kutoka kwenye mstari ulionyooka.

Sasa na tuchukulie kwamba mtu amesimama juu ya vilima vya Shimba na kurusha jiwe kuelekea mashariki. Jiwe litaanguka karibu. Akilirusha kwa nguvu zaidi, litavuka Diani na kutumbukia baharini. Kwa vyovyote vile, katika sekunde ya kwanza jiwe huanguka takriban mita 5, liwe limerushwa kwa kasi au limeachiliwa tu mkononi. Je, itakuwaje iwapo jiwe hilo litasafiri karibu kilomita 8 kwa kila sekunde? Litaanguka mita 5, nao uso wa dunia utakuwa umeinama mita 5. Umbali kati yake na bahari hautapungua hata kidogo. Sekunde inayofuata mambo yatakuwa yale yale. Kama kusingekuwa na hewa ya kulizuia wala mlima wa kuligonga, jiwe hilo lingeizunguka dunia na kumrudia mrushaji kisogoni baada ya dakika 84 hivi.

Mfano huu si mpya. Isaac Newton aliutoa katika karne ya 17 kwa kutumia mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu. Tulichofanya ni kuuhamishia Kwale. Maana yake ni hii: obiti ni kuanguka kwa kitu chenye kasi ya kutosha ya kwenda kando, kiasi kwamba dunia inakikwepa kila kinapoanguka.

Kupanda si kufika

Hapa ndipo mchezo unapoanza kufundisha. Mchezaji mgeni wa Kerbal Space Program huunda roketi, akaielekeza juu wima, akawasha injini na kungoja ushindi. Roketi hupanda, huvuka angahewa ya sayari ya Kerbin inayoishia kimo cha kilomita 70, hufika kilomita 100 au zaidi, kisha hurudi chini kama embe lililorushwa. Mchezaji huongeza mafuta na kujaribu tena. Roketi hupanda juu zaidi, na kurudi vilevile.

Somo analolipata ni kwamba kimo peke yake hakimfai. Kinachotakiwa ni kasi ya kwenda kando. Kwa hiyo hujifunza kuiinamisha roketi kuelekea mashariki mapema, kidogo kidogo, hadi inapofika nje ya angahewa ikiwa inakwenda sambamba na ardhi. Kerbin ni sayari ndogo ya kubuni, yenye nusu kipenyo cha kilomita 600, kwa hivyo katika kimo cha kilomita 80 kasi inayohitajika ni takriban kilomita 2.3 kwa sekunde. Katika Orbiter, ambamo dunia ni hii yetu, inahitajika kasi ya zaidi ya kilomita 7.6 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, safari ya kutoka Diani hadi Msambweni ingechukua chini ya sekunde 5.

Ncha mbili za obiti

Obiti nyingi si duara kamili bali ni duaradufu. Kila moja ina ncha ya karibu, ambapo chombo kiko karibu zaidi na sayari na kinakwenda mbio, na ncha ya mbali, ambapo kiko juu zaidi na kinakwenda polepole. Mchezo huzionyesha ncha hizi kwenye ramani, na mchezaji hutambua kanuni ambayo vitabu huieleza kwa milinganyo: ukiwasha injini mahali fulani, unachobadilisha zaidi ni upande wa pili wa obiti. Anayetaka kuipandisha ncha ya mbali huongeza kasi akiwa kwenye ncha ya karibu. Anayetaka kurudi nyumbani hupunguza kasi akiwa kwenye ncha ya mbali, ili ncha ya karibu ishuke hadi iingie katika angahewa.

Kanuni hii huzaa nyingine inayohitaji subira. Safari ya kwenda sayari nyingine haianzi siku yoyote uitakayo. Nafasi nzuri ya kutoka duniani kwenda Mirihi hupatikana mara moja katika kila miezi 26 hivi, sayari hizo mbili zinapokuwa zimepangika vyema. Mwenyeji wa pwani haoni ugeni katika jambo hili. Majahazi ya Uarabuni yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha aliyekosa msimu alingoja mwingine. Neno "msimu" tunalo tayari, nalo linatosha kabisa kwa safari za sayari.

Punguza kasi umpate aliye mbele

Kanuni inayowashangaza wachezaji kuliko zote ni ya kukutana angani. Chombo chako na kituo unachokitafuta viko katika obiti moja, nacho kituo kiko mbele yako. Akili ya barabarani inasema: ongeza kasi umfikie. Ukifanya hivyo, obiti yako inapanda na kurefuka, mzunguko wako unachukua muda mrefu zaidi, na mwishowe unazidi kuachwa nyuma. Inakupasa ufanye kinyume chake. Punguza kasi, ushuke katika obiti ya chini iliyo fupi na yenye mwendo wa haraka zaidi, umkaribie mwenzako kwa chini, kisha upande tena wakati ufaao.

Wanaanga wa kweli pia walilipata somo hili. Mwezi Juni mwaka wa 1965, katika safari ya Gemini 4, James McDivitt alijaribu kuisogelea sehemu ya roketi yao iliyokuwa imetengana nao kwa kukielekeza chombo moja kwa moja kwake. Mafuta yalipungua, na sehemu hiyo ikazidi kwenda mbali. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Gemini 6A ilifuata hesabu za obiti na kuikaribia Gemini 7. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka hawakuwa wakizungumzia anga, lakini msemo wao unakubaliana na fizikia ya huko.

Mwinamo: somo la Uhuru

Kanuni ya mwisho ina historia yake hapa kwetu. Kila obiti imelala katika bapa linalopita katikati ya dunia. Pembe iliyo kati ya bapa hilo na Ikweta tuiite mwinamo. Kwa kuwa bapa hilo lazima lipitie pia mahali roketi iliporushwa, chombo kinachoingia obiti moja kwa moja hakiwezi kuwa na mwinamo mdogo kuliko latitudo ya mahali hapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo anga za mbali. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na mwinamo wa Uhuru ulikuwa nyuzi 3. Kama ingerushwa Cape Canaveral, iliyo nyuzi 28.5 kaskazini, kuuteremsha mwinamo hadi nyuzi 3 kungehitaji badiliko la kasi la zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde, karibu nusu ya kasi ya obiti yenyewe. Isitoshe, karibu na Ikweta dunia huisukuma roketi kuelekea mashariki kwa takriban mita 465 kwa sekunde, ilhali Cape Canaveral msukumo huo ni mita 409 hivi.

Diani iko nyuzi 4.3 kusini. Kwa hiyo Uhuru haikupita hata mara moja juu ya utosi wa mkazi wa Diani. Ilipita kaskazini kwake kidogo. Kwa upande mwingine, Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa kutoka California mwezi Aprili mwaka wa 2023, iliwekwa katika obiti inayopita karibu na ncha za dunia, maana kazi yake ilikuwa kupiga picha za ardhi. Mchezaji wa Orbiter anaweza kuziiga obiti zote mbili na kuona kwa macho yake tofauti ya mwinamo inavyoamua ni nani atapitiwa na chombo.

Suala la msamiati

Tukirejea kwa mwanafunzi wetu, neno "kuelea" humpotosha. Ngalawa huelea kwa sababu maji huibeba, bali setilaiti haibebwi na chochote. Vilevile "setilaiti tuli", tuitumiayo kwa zile za runinga zilizo kimo cha kilomita 35,786, huficha kwamba nazo huanguka kwa kasi ya takriban kilomita 3 kwa sekunde. Utuli wao ni wa machoni petu tu, kwa sababu huzunguka sawia na dunia.

Tunapendekeza "kuanguka" litumike bila woga. "Mzingo" nalo limekwisha kupewa kazi katika hisabati, kwa hivyo "obiti" linafaa zaidi. "Ncha ya karibu", "ncha ya mbali" na "mwinamo" yanaeleweka bila kamusi. Hatimaye, tutenganishe tungamo na uzito: mwanaanga haupotezi mwili wake, ila hana sakafu inayomsukuma juu, kwa kuwa yeye na sakafu wanaanguka pamoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo hufundisha kwa kumkatalia mchezaji: roketi iliyorushwa wima hurudi, na aliyeharakisha huachwa. Lakini mchezo hautoi maneno ya kueleza kilichotokea. Asipoyapata katika lugha yake, kijana wa Msambweni atajua kurusha chombo, asiweze kumweleza nduguye kwa nini kimebaki juu. Kazi hiyo ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Na tuanze kwa kumwambia ukweli: setilaiti inaanguka.