Sikio Nalo Lina Kwao

Mezosoprano ni sauti ya mwanamke iliyo kati ya soprano na alto. Tuwachukue wawili: Janet Baker wa Uingereza, na Christa Ludwig, mzaliwa wa Berlin, aliyeimba katika Opera ya Taifa ya Vienna kuanzia 1955 hadi 1994.

Wahakiki wa London mara nyingi humtanguliza Baker. Wa Vienna, Ludwig. Si hila. Mtu humsifu aliyemsikia jukwaani tangu ujana wake. Baker aliimba opera zake karibu zote nyumbani hadi alipoiacha 1982, hivyo wageni wengi walimjua kwa santuri tu.

Lakini santuri hazikufuata mipaka! Das Lied von der Erde ya Mahler, Ludwig aliirekodi London chini ya Klemperer. Baker, Amsterdam chini ya Haitink. Maneno ni Kijerumani, na hapo Ludwig ana lugha ya mama. Hata hivyo, katika wimbo wa mwisho, ule wa kuaga, mimi humrudia Baker.

Zoezi la wanakwaya: mmoja apige rekodi zote mbili bila kutaja majina. Wengine waandike walichosikia katika pumzi, matamshi na noti za chini. Majina yatajwe baadaye.