Paka wa Mitaani na Haki Yao Juu Yetu

Waislamu wenzetu, darasa yetu imefikia mlango wa huruma kwa viumbe, nasi twaona yatupasa kuueleza kwa jambo lililo machoni petu kila siku. Apitaye Ndia Kuu mpaka Bandari ya Kale, au aingiaye Marikiti asubuhi, huwaona paka wakondefu, wenye macho mabovu, wakigombania matumbo ya samaki. Baadhi yao walizaliwa majumbani mwetu, wakatiwa guniani wangali wakinyonya, wakaenda kutupwa usiku. Na mwenye kuwatupa husema: "Sikuwaua, riziki yao iko kwa Mungu."

Natuupime usemi huo kwa dini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia. Mwenye kutupa atadai kwamba yeye kamwacha huru. Lakini kitoto kisichofungua macho hakiwezi kujitafutia kitu. Kukitupa na kukifungia ni mamoja. Na imepokewa vilevile khabari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Huyo alikuwa mbwa, ambaye katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Basi najisi hutulazimisha kuosha. Haitupi ruhusa ya kupiga mawe.

Ama paka ni tahiri. Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na mke wa mwanawe, Kabsha, alipostaajabu, akamjulisha kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani.

Basi tufanye nini?

Kwanza, aliyezaliwa paka nyumbani mwake asimtupe, bali amtafutie wa kumpokea: jirani, mwenye duka lenye panya, au jamaa mwenye watoto wapole. Asimtoe kabla hajaacha kunyonya, nayo ni kama majuma 8. Wala asimuuze. Wanavyuoni wengi wameijuzisha biashara hiyo, lakini katika Muslim imo hadithi ya kukataza thamani ya paka. Kutoa bure ndiyo salama.

Pili, mwenye kupokea ajue kwamba amepokea amana. Amlishe, ampe maji, amchanje kichaa cha mbwa, kwani maradhi hayo humpata paka pia. Asiyeweza haya asichukue, hata kama watoto wanalia.

Tatu, ni kuzuia uzazi. Hapa pana khitilafu, wala hatuifichi. Imamu Nawawi ameharimisha kumhasi mnyama asiyeliwa. Wanavyuoni wa Kihanafi wameruhusu penye maslaha, na Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki 2001, hakuona ubaya paka wakiwa wengi wenye kuudhi, ikiwa upasuaji hauwadhuru, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Sisi twaielekea kauli hii, kwa sharti kazi ifanywe na daktari wa wanyama kwa dawa ya usingizi. Asiyeridhika amuulize sheikh wake. Lakini shaka yake isiwe udhuru wa kuendelea kutupa.

Sheria ya Kenya, Sura ya 360, huhesabu ukatili kwa wanyama kuwa kosa. Lamu nako, hospitali ya punda ilifunguliwa 1987 na chama cha kutoka Uingereza. Twawashukuru waliofanya wema huo, lakini je, si aibu kwetu kungoja wageni waje kutufanyia lile ambalo dini yetu ilituamrisha zaidi ya karne 13 kabla yao? Haihitaji fedha nyingi. Kila mtaa, kuanzia Kuze hata Kibokoni, ukipata nyumba chache za kupokea, magunia yatapungua sokoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhurumia, ili nasi tuhurumiwe. Amin.