RNA Kinzani: Uzi Mfupi Ndani ya Virusi vya Bakteria

Kipindupindu kimewahi kuzuka Shinyanga, na katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, ambako maji safi na vyoo havitoshi, hatari yake haiko mbali. Sumu ya ugonjwa huo asili yake si bakteria mwenyewe. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni zake huletwa na faji, yaani virusi vya bakteria.

Faji moja iliyochunguzwa sana ni lambda, ikaayo ndani ya Escherichia coli. Hiyo hutulia katika DNA ya mwenyeji wake, au huzaliana na kumpasua. Protini CII huielekeza kwenye utulivu. Lakini kutoka uzi wa pili wa DNA ileile hunakiliwa RNA ya herufi 77 tu, iitwayo OOP, isiyotengeneza protini yoyote. Herufi zake 55 huoana na mwisho wa RNA mjumbe ya CII. Zikishikana kama meno ya zipu, kimeng'enya RNase III huikata. CII hupungua, na upasuaji hupata nguvu.

DNA ya bakteria ikijeruhiwa, OOP huongezeka. Faji ya kipindupindu si lambda, wala haimpasui mwenyeji, ila nayo huamshwa na jeraha hilo. Siprofloksasini huleta jeraha la namna hiyo. Dawa hiyo haikatazwi. Kuichagua ni kazi ya mhudumu, si ya muuza duka. Anayehara maji mengi aanze ORS papo hapo, huku akipelekwa kituoni.