SOMO LA FAMILIA: Chungu cha Mama Zetu na Afya ya Watoto Wetu

Someni kwanza: Hesabu 11:4-6, Danieli 1:8-16, Matendo 2:44-46.



Waisraeli walipokuwa jangwani walikumbuka samaki na matango ya Misri, wakanung'unika. Sisi tuliotoka Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vingine vya kando ya Ziwa Tanganyika, wengine mwaka 1972, wengine 1993, wengine 2015, nasi tunakumbuka ndagala, mukeke, isombe na mawese. Je, kumbukumbu hiyo ituletee manung'uniko tu? Hapana. Ndani ya chungu cha mama zetu mlikuwa na elimu ya afya, ingawa haikuandikwa kitabuni.

1. Kila chakula kilikuwa na kazi yake
Ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, huliwa mzima mzima. Nyama yake hujenga mwili, na mifupa yake huimarisha mifupa na meno ya mtoto. Mawese ni mekundu kwa sababu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo hulinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Mtoto anayeikosa huanza kushindwa kuona jioni. Tena mboga za majani zikipikwa kwa mafuta kidogo, mwili hupokea vitamini hiyo vizuri zaidi. Lakini mawese yakichomwa mpaka yapoteze rangi, faida hiyo huharibika.

2. Subira ya kuloweka mihogo
Wazee waliloweka mihogo michungu siku kadhaa, kisha wakaianika juani. Walikuwa wakiondoa sumu. Wakati wa njaa watu hupunguza siku hizo. Anayekula mihogo ya namna hiyo wiki nyingi, bila samaki wala maharage, anaweza kupatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Umeonekana Kongo na hata Tanzania. Isombe nayo itwangwe na kuchemshwa vizuri.

3. Sahani moja
Watoto walipokula ugali pamoja, mama aliona mara moja nani hali. Jirani aliyekosa alipewa. Desturi hiyo tuitunze, kama waumini wa kwanza walivyokula nyumba kwa nyumba. Lakini iko desturi nyingine ya kuachwa: baba kupewa samaki, na mama mjamzito na watoto kubakiwa na mchuzi. Hao ndio wanaohitaji samaki kuliko wote. Enyi akina baba, gawaneni.

4. Tufanye nini hapa tulipo?
- Tusiuze maharage yote ya mgao ili tununue sukari. Ikibidi kuuza, tubakize ya watoto.
- Tupande lengalenga na maboga kando ya nyumba. Hata majani ya maboga ni mboga.
- Mtoto anyonye maziwa ya mama tu hadi miezi 6. Baada ya hapo aendelee kunyonya, na uji wake utiwe unga wa dagaa waliosafishwa mchanga, wakakaushwa na kutwangwa.
- Bibi na babu wawafundishe wajukuu waliozaliwa ugenini majina ya vyakula hivi na jinsi ya kuvipika.

Danieli naye alikuwa mateka katika nchi ya kigeni. Alichagua mboga na maji, na baada ya siku 10 uso wake ulionekana mzuri kuliko wa waliokula chakula cha mfalme. Ugeni haukumnyima uwezo wa kuchagua. Sisi nasi, hata katika mgao mdogo, tunayo nafasi ya kuchagua.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Kwetu, nani hupakuliwa kwanza, na nani hupata samaki?
2. Ni chakula gani cha ziwani ambacho watoto wetu hawakijui?
3. Wiki hii, ni jirani gani tutakayekula naye?