Dondoo muhimu: Baiskeli porini, Kipalapala

Njia za miombo upande wa Kipalapala, Tabora, hazina milima ya kutisha. Kinachotesa ni mchanga. Kabla ya kuuingia, punguza upepo kidogo kwenye matairi, weka gia nyepesi, kaa nyuma kwenye siti na ulegeze mikono. Ukikaza usukani au kubana breki ya mbele, gurudumu linazama nawe unakwenda chini. Mwenye baiskeli ya Phoenix isiyo na gia ashuke asukume, na wenzake wamsubiri.

Nyasi zikirefuka, visiki havionekani. Anayetangulia apaze sauti, “Kisiki!” na wa nyuma waache nafasi ya kutosha kusimama.

Bebeni tyubu ya akiba, viraka, gundi na pampu. Ukipata pancha, usikimbilie kubandika: pitisha kitambaa ndani ya tairi mpaka kinase, ung'oe mwiba. Ukiuacha, utatoboa tena mbele kidogo.

Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa nguo nzito kidogo, ya rangi ya udongo, mikono mirefu. Tabora ni nchi ya asali: tazama juu kabla ya kupumzika chini ya mti, usije ukakaa chini ya mzinga.

Septemba na Oktoba jua ni kali mno. Ondokeni alfajiri, maji tele. Wenye nguvu waunganishe hadi Kwihara, kwenye tembe ambako Livingstone alisubiri wapagazi wa Stanley mwaka 1872.