Kemia ya Bodi ya Saketi na Hatima ya Taka za Elektroniki

Mtu akifungua redio, simu au kompyuta iliyoharibika, ataona ndani yake kibao chembamba, aghalabu cha rangi ya kijani, ambacho mafundi hukiita bodi. Kibao hicho hubeba vifaa vidogo vidogo vya saketi, na mistari ya shaba iliyo juu yake huvipelekea umeme.

Kwa mujibu wa taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki katika mwaka 2022. Kati ya hizo, ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa, yaani kurudishwa katika hali ya kutumika upya. Sababu za upungufu huo ni nyingi. Mojawapo imo katika kemia ya bodi yenyewe.

Muundo wa bodi

Bodi ya kawaida hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshikamanishwa kwa resini iitwayo epoksi. Aghalabu resini hiyo hutiwa kampaundi za bromini ili isishike moto upesi. Vifaa huunganishwa na shaba kwa lehemu. Kwa miaka mingi lehemu ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, uyeyukao kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. Risasi ni sumu inayodhuru hasa ubongo wa watoto. Kwa hiyo Umoja wa Ulaya uliizuia katika vifaa vingi kuanzia Julai 2006.

Plastiki za aina mbili

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Katika aina ya kwanza, kama vile poliethilini ya ndoo, minyororo haikufungamana. Ikipashwa moto huteleza, plastiki ikayeyuka na kuweza kuumbwa upya. Katika aina ya pili, ambamo epoksi imo, minyororo imefungwa pamoja kwa vifungo vya kovalenti, ikawa kama wavu mmoja. Wavu huo hauyeyuki. Moto ukizidi, huungua.

Tofauti hiyo yafanana na ile ya tofali bichi na tofali la kuchoma. La kwanza likiloweshwa hurudi kuwa udongo wa kufinyangwa. La pili halirudi.

Ndiyo sababu viwanda husaga bodi na kuziyeyusha katika matanuri ili kupata shaba, fedha na dhahabu, huku resini ikipotea kwa kuungua. Mahali pasipo na viwanda hivyo, baadhi ya watu huchoma taka hizo hadharani. Moshi wake huweza kuwa na dioksini, sumu zinazotokea bromini au klorini inapoungua pamoja na kampaundi za kaboni. Wachomaji na majirani zao huuvuta moshi huo.

Aina ya tatu

Mwaka 2011, Ludwik Leibler na wenzake huko Paris, Ufaransa, walieleza polima walizoziita vitrima. Hizo nazo ni wavu, lakini zikipata joto la kutosha vifungo vyake hubadilishana: kimoja kikifunguka, kingine hufungika. Hivyo umbo huweza kubadilika bila wavu kuvunjika.

Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza bodi iliyotengenezwa kwa vitrima. Ilipotiwa katika kiyeyushi maalumu, vitrima haikuyeyuka, bali ilivimba na kuachana na nyuzi za kioo. Watafiti walirudisha asilimia 98 ya vitrima, nyuzi zote za kioo, na asilimia 91 ya kiyeyushi.

Bodi zilizomo majumbani zingali za epoksi, na ukusanyaji wake hauna budi kuendelea. Hata hivyo, jambo moja limedhihirika: urahisi wa kurejeleza chombo huamuliwa siku malighafi yake ichaguliwapo, si siku kitupwapo. Udongo uwahi ungali maji.

Maswali

1. Eleza kwa nini ndoo ya poliethilini huweza kuyeyushwa na kuumbwa upya, ilhali bodi ya epoksi haiwezi.
2. Kwa nini bromini hutiwa katika bodi? Taja faida yake na hatari yake.
3. Vitrima hufanana vipi na epoksi ya kawaida, na hutofautiana nayo vipi?